Alipoomba mto wa pili: kisa cha mgonjwa aliyezidiwa na damu aliyoongezewa

Kuhusu kisa chenyewe

Kisa hiki kilitokea katika wodi ya wanawake niliyokuwa nikifanya kazi. Jina, mwaka, hospitali na kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa au wenzangu nimekiondoa, na saa nimezisogeza kidogo bila kuvuruga mfuatano wa mambo. Mgonjwa nitamwita Bibi, kama tulivyomwita wodini. Mimi nilikuwa muuguzi wa zamu ya mchana: ndiye niliyetundika chupa ya kwanza ya damu, na ndiye niliyekabidhi zamu. Nalisema hili mapema kwa sababu makosa mengi utakayoyasoma hapa ni yangu. (Tunaendelea kusema "chupa" ingawa damu huja kwenye mfuko. Nitaliacha neno hilo kama tunavyolitumia.)

Usuli

Bibi alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu. Aliletwa na binti yake saa 4 asubuhi akilalamika uchovu wa miezi mingi, moyo kwenda mbio na kuishiwa pumzi akitembea hatua chache. Hakuwa na maumivu ya kifua. Magoti yalikuwa yakimsumbua kwa miaka, na kwa zaidi ya mwaka alikuwa akimeza diklofenaki (dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda vya tumbo) karibu kila siku. Hilo la diklofenaki hakulisema mpaka alipoulizwa, kwa kuwa kwake hiyo haikuwa dawa ya hospitali, ilikuwa "vidonge vya magoti" tu.

Alikuwa mweupe kwenye kope za ndani na viganjani. Kucha zake za vidole gumba zilikuwa zimebonyea katikati kama kijiko, na binti alisema mama yake alikuwa na hamu ya kutafuna barafu isiyoisha. Miguu ilikuwa imevimba kidogo kwenye vifundo. Majibu ya maabara yalikamilisha picha ya upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma: HB (kiasi cha hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa gramu katika kila desilita) 3.9, seli nyekundu ndogo sana (ujazo wa wastani wa seli femtolita 61), chembe sahani 510, feritini (kipimo cha akiba ya chuma) 4. Mwanamke mzima asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu HB yake ikiwa chini ya 12, na upungufu mkali ikiwa chini ya 8. Bibi alikuwa chini ya nusu ya hapo.

Vipimo vyake vya kwanza vilikuwa hivi: mapigo ya moyo 108, presha 132 kwa 58, pumzi 22 kwa dakika, joto 36.7, na kipimo cha oksijeni cha kidole asilimia 98.

Hiyo asilimia 98 ilitupa utulivu usiostahili. Kipimo cha kidole hueleza ni sehemu gani ya hemoglobini iliyopo imebeba oksijeni, hakielezi hemoglobini iko kiasi gani. Gramu moja ya hemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mwenye HB 13 ana kama mililita 17 za oksijeni katika kila mililita 100 za damu. Bibi alikuwa na 5, na mashine ingewapa wote wawili namba ile ile.

Mambo yalivyokwenda

Mapokezi, kabla majibu ya HB hayajatoka, mtu aliona mapigo 108 na uchovu akatundika lita moja ya maji ya chumvi. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi jioni zilikuwa zimeingia mililita 800. Bibi aliletwa wodini nayo inaendelea, nami sikuuliza ni ya nini.

Saa 7 mchana daktari aliandika chupa tatu za seli nyekundu. Hesabu yake ilikuwa ile tuliyofundishwa sote: chupa moja hupandisha HB kwa karibu gramu moja kwa desilita, kwa hiyo tatu zingemfikisha karibu na saba. Kwenye fomu ya kuombea damu, mahali pa uzito pameandikwa 60. Hakuna aliyempima. Ni makadirio ya kitandani, na aliyekuwa kitandani alikuwa amefunikwa blanketi.

Damu ilifika jioni. Mimi na mwenzangu tulihakikisha jina, namba ya jalada, kundi la damu, namba ya chupa na tarehe ya kwisha muda, mmoja akisoma na mwingine akiangalia utepe wa mkononi, na Bibi mwenyewe akatutajia jina lake. Saa 12:10 jioni nilianza polepole, nikakaa naye dakika 15 za mwanzo. Hakuwashwa, hakutetemeka, hakulalamikia kiuno. Presha 136 kwa 62. Nikaandika "anavumilia vizuri" na kufungua dripu hadi matone 60 kwa dakika.

Chupa iliisha kabla kidogo ya saa 2 usiku. Kipimo cha mwisho nilikiandika nikiwa nimeshavaa koti: mapigo 110, presha 148 kwa 78. Nikakabidhi zamu kwa maneno haya, ninayoyakumbuka vizuri kuliko ningependa: "Bibi wa kitanda cha dirishani, HB 3.9, chupa ya kwanza imeisha, hana shida, zimebaki mbili."

Mwenzangu wa usiku alitundika chupa ya pili saa 2:10. Baada ya dakika 15 presha ilikuwa 156 kwa 84, pumzi 24. Akafungua matone 60 kama yalivyokuwa.

Saa 2:45 Bibi alimwambia, "Mwanangu, niongezee mto mwingine, huu umekuwa mfupi." Akaongezewa mto. Kwenye chati pameandikwa: "Amesaidiwa kukaa vizuri."

Saa 3:05 alianza kukohoa, kikohozi kikavu. Binti alifikiri ni hewa ya dirisha akalifunga. Saa 3:15 Bibi alikuwa amekaa wima, mikono ameshikilia kingo za kitanda, hawezi kumaliza sentensi. Binti akasema jambo ambalo ndugu yeyote angelisema: "Sista, damu inaenda polepole, mfungulie, si ndiyo dawa yenyewe?"

Maamuzi na sababu zake

Hapa ndipo muuguzi wa usiku alipomwokoa Bibi. Aliniambia baadaye kwamba mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kidhibiti cha dripu, na hakuwa na hakika kama anakwenda kufungua au kufunga. Upungufu wa damu nao huleta kuishiwa pumzi, na mgonjwa wa HB 3.9 anayehema kwa nguvu hamshangazi mtu. Kilichomsimamisha ni kurudi kwenye chati na kusoma safu ya presha kutoka juu hadi chini: 132, 136, 148, 156. Akapima tena: 178 kwa 96, mapigo 126, pumzi 36, oksijeni asilimia 86, joto 36.9.

Akafunga damu saa 3:20. Alimkalisha Bibi wima, miguu ikining'inia kando ya kitanda, akampa oksijeni kwa barakoa. Akamtuma msaidizi amwite daktari wa zamu, yeye mwenyewe hakuondoka pale.

Uamuzi wa pili ulihusu kanyula, ule mrija mdogo ulioachwa mshipani. Zoea letu damu ikisimamishwa ni kuiacha njia wazi kwa maji ya chumvi yanayotiririka. Yeye alibadilisha seti, akaisafisha kanyula kwa mililita chache, akaifunga kifuniko. Maji zaidi ndiyo aliyokuwa akiyaogopa, na njia aliihitaji kwa dawa tu.

Kisha alipitia mambo mengine yanayoweza kutokea damu ikiwa mwilini, kwa sauti, ili daktari aliyekuwa akifika asikie. Jina na namba ya chupa vilingane tena: vililingana. Homa, baridi, maumivu ya kiuno, mkojo mwekundu, ambavyo vingeashiria seli kuharibika: hakuna. Vipele au midomo kuvimba: hakuna. Mapafu kujeruhiwa na kingamwili zilizomo kwenye damu ya mchangiaji nako huleta kuhema namna hii, ila mara nyingi presha hushuka na homa huwapo. Hapa presha ilikuwa imepanda, mishipa ya shingo imetuna, na stetoskopu ilisikika kama mapovu madogo yakipasuka chini ya mapafu yote mawili. Moyo wa Bibi ulikuwa umezidiwa na ujazo. Wengi tumeisoma hali hii kwa kifupi chake cha Kiingereza, TACO (transfusion-associated circulatory overload).

Daktari alikubali. Furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, miligramu 40 ziliingia mshipani saa 3:40. Chupa ilifungwa ikiwa imebakiza chini kidogo ya nusu, ikarudishwa maabara pamoja na seti yake na sampuli mpya ya damu. Picha ya kifua ilionyesha maji mapafuni pande zote mbili. Uamuzi wa tatu ulikuwa wa daktari: chupa iliyobaki isitundikwe usiku ule, hata pumzi zikitulia.

Matokeo

Ndani ya saa mbili Bibi alikojoa mililita 950. Saa 6 usiku pumzi zilikuwa 24 na oksijeni asilimia 95, bado akiwa na barakoa. Alfajiri alilala, mito miwili. Maabara ilithibitisha kwamba damu ililingana na hakukuwa na dalili ya seli kuharibika.

Asubuhi alipimwa uzito kwa mara ya kwanza: kilo 43.

HB ya asubuhi ile ilikuwa 5.8. Mapigo 92, hana maumivu ya kifua, anaweza kwenda msalani kwa kushikwa mkono. Chupa ya tatu ilifutwa. Akapewa madini ya chuma kwa njia ya mshipa, na siku ya nne endoskopi (kamera inayoingizwa tumboni) ikaonyesha kidonda tumboni kilichokuwa kikivuja taratibu. Diklofenaki ilisimamishwa, akaanzishiwa omeprazoli ya kupunguza asidi ya tumbo na kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo. Aliruhusiwa siku ya nane akiwa na vidonge vya chuma vya kuendelea navyo.

Uchambuzi

Kiini cha kisa hiki ni kutoelewa mgonjwa wa aina hii amepungukiwa na nini. Anayevuja damu ghafla kwa wingi amepoteza ujazo: mishipa imesinyaa, presha inashuka, na kumjaza haraka ni kumwokoa. Anayevuja kidogo kidogo kwa mwaka mzima hajapungukiwa na ujazo hata kidogo. Maji ya damu yamejaza nafasi ya seli zilizokosekana. Mishipa imejaa, iliyomo ndiyo nyepesi. Moyo wake unafanya kazi ya ziada usiku na mchana ili damu hiyo nyepesi izunguke mara nyingi zaidi, na hemoglobini iliyobaki imejifunza kuachia oksijeni kwa urahisi zaidi kwenye misuli na viungo. Ndiyo maana Bibi aliingia wodini kwa miguu yake akiwa na HB ambayo ingemwangusha mtu aliyeipata kwa saa moja. Vifundo vilivyovimba vilikuwa vikitueleza kwamba moyo umefika ukomo wa uvumilivu.

Ukilitazama hivyo, lita ya maji ya chumvi ndiyo kosa la kwanza na huenda ndilo kubwa kuliko yote. Mapigo 108 yalisomwa kama ya mtu aliyekauka, kumbe yalikuwa ya moyo unaofidia. Hadi damu inasimamishwa, Bibi alikuwa amepokea kama mililita 1,280 kupitia mshipa: 800 za maji, 300 za chupa ya kwanza na karibu 180 za ya pili. Alikojoa kiasi gani muda huo? Hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna aliyefungua chati ya maji yanayoingia na yanayotoka. Kwa mgonjwa anayeongezewa damu akiwa na miguu iliyovimba, chati hiyo si karatasi ya mapambo.

Uzito ndio ulioficha kosa la mwendo. Kwa mgonjwa mwenye hatari ya kuzidiwa, mwendo unaoshauriwa ni mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo kwa saa. Kwa kilo 43, ukomo wa juu ni mililita 86 kwa saa, yaani matone 29 kwa dakika kwa seti inayotoa matone 20 kwa mililita. Chupa ya mililita 300 ingechukua saa tatu na nusu, bado ndani ya saa nne ambazo damu haipaswi kuzipita tangu itoke kwenye jokofu. Mimi nilimpa kwa wastani karibu mililita 4 kwa kilo kwa saa. Na kama tungetaka mwendo wa mililita 1, chupa isingeisha ndani ya saa nne. Hapo maabara huombwa igawe chupa mara mbili, nusu ibaki kwenye jokofu lao. Wauguzi wengi niliozungumza nao hawakujua kwamba hilo linaweza kuombwa. Mimi pia sikujua.

Agizo la chupa tatu kwa mkupuo sitaki kulibebesha daktari peke yake. Chupa moja kupandisha HB kwa gramu moja ni kanuni ya mtu wa kilo 70 hivi. Kwa mwili mdogo hupandisha zaidi, na ndivyo ilivyokuwa: chupa moja na nusu na ushee zilimpandisha kwa 1.9. Lakini hata kama hesabu ingekuwa sahihi, lengo lilikuwa la namba. Bibi hakuhitaji saba usiku ule. Alihitaji oksijeni ya kutosha moyo utulie, na sababu ya kuvuja itafutwe. Chupa moja, kisha mgonjwa atazamwe na HB ipimwe, kisha iamuliwe kama ya pili ina kazi. Muuguzi ana haki ya kuuliza swali hilo kabla ya kutundika ya pili, na daktari niliyewahi kumuuliza tangu hapo hajawahi kukasirika. Labda nimebahatika.

Sasa dakika 15. Nilikaa naye, nilifanya lililo sawa, na hapo ndipo nilipojidanganya. Dakika zile zimewekwa kukamata ajali za haraka, kama damu ya kundi lisilolingana au mzio mkali. Kuzidiwa kwa moyo hakuji wakati huo. Huja mwishoni mwa chupa ya kwanza, katikati ya pili, au hata saa kadhaa baada ya damu kwisha. Vigezo vinavyotumika sasa vinahesabu yanayotokea ndani ya muda wa saa 12 baada ya damu kwisha. Mimi nilizifanya kuwa lango: ukishalipita, uko salama. Nilipoandika "anavumilia vizuri" niliacha kutazama, na neno hilo likavuka nami kwenye makabidhiano. "Hana shida" ilikuwa kweli ya wakati ule, lakini haikubeba kitu chochote ambacho mwenzangu angekitumia. Kama ningesema "presha imepanda kutoka 132 hadi 148, miguu imevimba, amekunywa maji ya mshipa tangu asubuhi", nadhani chupa ya pili isingetundikwa saa 2:10.

Na mto. Narudi kwenye huo mto mara nyingi. Mgonjwa ambaye mapafu yanajaa maji hasemi "nina maji mapafuni". Anasema mto umekuwa mfupi. Anataka dirisha lifunguliwe, anakataa kulala chali, anakohoa kikohozi kisicho na makohozi. Bibi alitoa taarifa dakika 35 kabla ya damu kusimamishwa, kwa lugha yake, kwa adabu, nasi tukaiandika kama huduma ya starehe. Midomo yake haikuwa ya bluu hata oksijeni ilipofika 86, na isingeweza kuwa: ili rangi hiyo ionekane zinahitajika kama gramu 5 za hemoglobini isiyo na oksijeni katika kila desilita, na kwa HB yake karibu hemoglobini yote ingelazimika kukosa oksijeni kwanza. Anayesubiri bluu kwa mgonjwa wa aina hii atasubiri mpaka mwisho.

Yaliyofanyika vizuri ni machache lakini yana uzito. Uhakiki wa watu wawili kitandani uliwezesha kuondoa wazo la damu isiyolingana kwa dakika moja badala ya nusu saa. Vipimo vya presha, ingawa havikusomwa kwa pamoja, viliandikwa; bila ile safu, mkono ungeweza kufungua. Damu ilisimamishwa kabla daktari hajafika, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu kusimamisha hakuhitaji kibali. Na tukio liliripotiwa, ingawa mmoja wetu alipendekeza kwamba "kwa vile amepona" si lazima. Uingereza wana mpango unaoitwa SHOT, unaokusanya taarifa za madhara ya kuongezewa damu tangu 1996, na kwa miaka ya karibuni kuzidiwa kwa moyo ni miongoni mwa sababu zinazoongoza kwa vifo humo, mbele ya damu isiyolingana tunayoihofia sote. Hilo lilijulikana kwa sababu watu waliripoti hata wale waliopona.

Kipande cha mwisho: rangi ya kinyesi

Kuna kosa moja zaidi, dogo, lililokaribia kuharibu kila kitu. Siku ya kuruhusiwa, Bibi alipewa maelezo ya kawaida ya vidonge vya chuma: kimoja kwa siku, mbali na chai, kahawa na dawa za kupunguza asidi, aendelee miezi mitatu baada ya HB kurudi, na "kinyesi kitakuwa cheusi, usiogope".

Kwa wagonjwa wengine ni maelezo mazuri. Kwa mgonjwa aliyekuwa akivuja tumboni, ni kumwambia apuuze dalili pekee ya hatari anayoweza kuiona mwenyewe. Binti yake ndiye aliyeshtuka mlangoni: "Sasa tutajuaje kama damu imeanza tena?" Tukarudi tukakaa. Cheusi cha chuma, au cha kijani iliyokolea, kina umbo lake na harufu yake ya kawaida. Cheusi cha damu hung'aa, hunata kama lami, kina harufu kali isiyosahaulika, na mara nyingi huja na kizunguzungu au moyo kwenda mbio; hicho arudi nacho siku hiyo hiyo, asisubiri kliniki. Nilimwomba Bibi anirudishie maneno hayo. Alinirudishia, kisha akauliza magoti yake atayafanyaje bila vidonge vyake, swali ambalo kwa siku nane hakuna aliyekuwa amelijibu. Tulimwita daktari, akaandikiwa parasetamoli na kupewa miadi ya mazoezi ya viungo.

Alirudi kliniki baada ya wiki sita. Nilimpandisha kwenye mizani kabla hajakaa: kilo 45. HB ilikuwa 10.6.